Shimo Nyuma ya Jiko

Nyuma ya jiko la kukhu, kule Ikolomani, kuna shimo. Tukiwa wadogo lilifunikwa kwa mbao na mawe, na ole wako ukilisogelea! Mimi nilidhani ni choo cha zamani. Kumbe ni la dhahabu. Kukhu anasema alilikuta alipoolewa.

Kwetu ni vilima na vijito. Mto Yala unatoka upande wa Nandi, unakata kusini mwa Kakamega, halafu unateremka Siaya hadi kwenye kinamasi kando ya Ziwa Victoria. Watu hujenga juu, hulima miteremkoni, na bondeni huteka maji na kulisha ng'ombe.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, mlowezi aitwaye L. A. Johnson, akapata dhahabu. Basi wazungu wakamiminika, wengi wao wakulima waliokwisha kukaukiwa mfukoni bei za mazao zilipoanguka. Wakapiga mahema, wakapigilia vigingi katikati ya mahindi ya watu.

Sasa hapa ndipo nisipoweza kunyamaza. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria kwamba ardhi ya Waafrika ni yao milele, na kipande kikichukuliwa, sharti kilipwe kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 ikageuza maneno: pesa zatosha, na baraza la wenyeji si lazima liulizwe. Milele gani hiyo isiyotimiza hata miaka mitatu?

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Wazungu wakaenda zao, sisi tukabaki na mashimo. Tukazaana pia, tusifichane. Shamba la babu limekatwa mpaka langu ni la kutosha nyumba na migomba michache. Vijana wenzangu bado wanashuka chini kwa kamba. Akina mama wanaponda mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, watoto mgongoni.

Na makampuni nayo yamerudi kupima ardhi. Krismasi iliyopita baba mdogo alianza, ati tukipata bei nzuri tuuze, tununue kwingine. Kwingine wapi, hakusema. Kukhu aliendelea kuchambua mboga zake kama hakusikia. Halafu akanituma sokoni nikalete mbao mpya, maana zile za shimoni zimeoza.