Jinsi Tovuti Zilivyoanza Kukisia Tuliko

Mkazi wa Nshambya, katika Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, akifungua tovuti ya hali ya hewa kwenye simu, huenda akaletewa utabiri wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka alipo. Kosa hilo lina historia yake, na historia hiyo inatuonyesha kuwa dawa ilijulikana tangu mwanzo: kumwuliza msomaji mwenyewe. Novemba 20, 2000, mahakama ya Paris iliiamuru Yahoo iwazuie watu walio Ufaransa kufikia minada ya vitu vya Wanazi. Yahoo ilikuwa imejitetea kwamba haina namna ya kujua mteja yuko wapi. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walikadiria kwamba anwani za IP (namba za vifaa kwenye mtandao) zingewatambua takriban asilimia 70 ya watumiaji wa Ufaransa. Hukumu ikaongeza kwamba wakitakiwa pia kujieleza wenyewe, kiwango kingekaribia asilimia 90. Wafanyabiashara wakakumbatia kukisia, kuuliza kukawekwa kando. Kufikia Oktoba 2017, Google ilitangaza kuwa matokeo yake yatafuata mahali alipo mtafutaji, hata akiandika google.co.tz au anwani ya nchi nyingine.

Udhaifu wa kukisia unatokana na namna anwani za IP zinavyogawiwa. AFRINIC, taasisi ya Afrika iliyoko Mauritius na kutambuliwa rasmi mwaka 2005, huzigawa kwa kampuni na mashirika, haizigawi kwa kata wala vijiji. Kampuni ya simu huweza kuwapa wateja wengi anwani moja, na mawasiliano yao yakatokea kwenye mitambo ya Dar es Salaam, ambako mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika mwaka 2009. Kwa hiyo mtu wa Muleba, wilaya nyingine ya Kagera, huhesabiwa kuwa wa Dar. Hasara yake ni ya kweli: vuli ya Kagera kwa kawaida hutangulia ya pwani, na ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa huko Machi 2023, aliyehitaji tahadhari kwanza ni mtu wa Bukoba.

Wapo watakaosema GPS imemaliza tatizo. Inaweza kuonyesha hata nyumba ya mtu, lakini utabiri wa mvua unahitaji wilaya tu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zisikusanywe kupita mahitaji. Wengine watasema maswali huwachosha wasomaji. Swali moja, linaloulizwa mara moja na jibu lake kukumbukwa, halimchoshi mtu kuliko kusoma kila siku habari zisizomhusu. Zaidi ya hayo, mzazi aliye Muleba huenda anatafuta habari za Mwanza anakosoma mwanawe, jambo ambalo hakuna setilaiti inayoweza kulijua. Tovuti za umma, hasa za afya, kilimo na hali ya hewa, ziweke orodha ya mikoa na wilaya juu kabisa ya ukurasa, na chaguo la msomaji lishinde kisio la mashine.