Kushinda Kazini, Kulala Gerezani: Historia ya Ruhusa ya Kazi kwa Wafungwa wa Marekani tangu 1913

Katika magereza ya Marekani uko utaratibu ambao Kiswahili bado hakijaupatia jina moja lililokubalika. Mfungwa hutoka gerezani asubuhi bila pingu na bila askari wa kumfuata, huenda kufanya kazi kwa mwajiri wa kawaida, hulipwa ujira, kisha jioni hurudi kulala gerezani. Katika insha hii utaratibu huo utaitwa ruhusa ya kazi. Msomaji wa Tanzania asiuchanganye na huduma kwa jamii iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002, ambapo mkosaji hulala kwake na kufanya kazi ya umma bila malipo. Wala na parole ya sheria ya mwaka 1994, ambayo humtoa mfungwa gerezani kabla muda wake haujaisha. Mwenye ruhusa ya kazi bado ni mfungwa, na asiporudi kwa makusudi huhesabiwa kuwa ametoroka.

Waliouandika utaratibu huu aghalabu wameupima kwa kipimo kimoja: je, unapunguza idadi ya watu wanaorudia uhalifu? Swali hilo ni halali, lakini limelifunika swali lililotangulia, yaani mtu hurudishwa vipi katika jamii, na hurudishwa kwa kamba gani. Hoja ya insha hii ni kwamba ruhusa ya kazi, ilipoanza, haikukusudia kumrudisha mtu yeyote. Ilikusudia asiondoke. Ilipokuja kutumiwa kwa watu waliokwisha kuondoka kwa miaka mingi, jina lilibaki lilelile, lakini kazi iliyotakiwa kufanywa ilikuwa nyingine kabisa.

Dalili za mwanzo zilionekana kabla ya karne ya 20. Katika gereza la wanawake la Massachusetts, lililofunguliwa mwaka 1877, wafungwa waliwekwa katika nyumba za raia kama watumishi wa ndani kabla ya vifungo vyao kwisha. Huko Montpelier, Vermont, sherifu mmoja wa mwanzoni mwa karne ya 20 aliwaruhusu wafungwa wa jela yake kufanya kazi mjini mchana. Lakini sheria iliyoupa utaratibu huu umbo ilitungwa Wisconsin mwaka 1913, na ilipelekwa bungeni na Seneta Henry Huber. Jina lake limedumu kuliko kumbukumbu ya mtu mwenyewe: hadi leo mkazi wa Wisconsin husema kwamba fulani yuko jela "kwa Huber", akimaanisha kwamba anatoka kwenda kazini.

Ili kuielewa sheria hiyo ni lazima kuitazama Wisconsin ya wakati ule. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1911, jimbo hilo lilikuwa limepitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini pamoja na kodi ya mapato. Wanasiasa wa mrengo wa maendeleo walikuwa na mazoea ya kuhesabu gharama ya kila taabu na kuuliza ni nani anayeilipa. Walipoitazama jela ya kaunti waliona hesabu isiyolingana. Mtu aliyefungwa miezi mitatu kwa ulevi, kwa kupigana au kwa kutotunza familia yake alikula chakula cha kaunti bila kufanya lolote la maana. Wakati huohuo mke na watoto wake walikosa mkate, wakaishia kuomba msaada kwa kaunti ileile. Adhabu ya mtu mmoja ililipwa mara mbili na walipakodi, na mara ya tatu na watoto.

Sheria ya Huber ilihusu makosa madogo na jela za kaunti pekee. Ujira wa mfungwa ulipitia mikononi mwa sherifu: sehemu ilifidia chakula na malazi, sehemu ilikwenda kwa wanaomtegemea, na kilichobaki aliwekewa hadi siku ya kutoka. Katika mantiki hiyo neno urekebishaji halina nafasi kubwa. Watetezi wa baadaye wameisoma sheria hii kana kwamba Huber alikuwa mwanasaikolojia wa wafungwa. Mimi naona alikuwa mtunza hesabu mwenye huruma. Na huenda hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Mfungwa huyu alikuwa amelala nyumbani kwake wiki iliyopita. Msimamizi wake kiwandani alimjua kwa jina. Mwenye nyumba wake alisubiri kodi ya mwezi. Sheria haikumtafutia uhusiano wowote mpya na jamii. Ilizuia tu kifungo kisiukate ule aliokuwa nao. Anayetoka jela baada ya siku 90 akiwa na kazi ileile, katika nyumba ileile, bila deni la kodi, hahitaji "kurudishwa".

Kwa zaidi ya miaka 40 wazo hilo halikusafiri mbali. Hatua iliyobadilisha mambo ilichukuliwa North Carolina mwaka 1957, na mahali hapo panastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa muda mrefu wafungwa wa jimbo hilo walikuwa nguvukazi ya barabara: walivunja mawe na kuchimba mitaro, na magereza yao yalikuwa chini ya mamlaka ileile iliyojenga barabara kuu. Mwaka 1957 magereza yalitenganishwa na idara ya barabara, na mwaka huohuo bunge la jimbo liliruhusu wafungwa wa magereza ya jimbo, na si wa jela za kaunti tu, kwenda kufanya kazi kwa waajiri binafsi. Mwaka 1959 ruhusa hiyo ilipanuliwa ikawafikia hata waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa. Mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati tu. Gereza lililopoteza kazi ya kuwapa watu wake lililazimika kuwatafutia nyingine, na safari hii kazi yenyewe ilikuwa na mshahara.

Hapa ndipo maana ilipogeuka. Mtu aliyekaa ndani miaka sita hana msimamizi anayemsubiri. Nafasi yake kiwandani ilijazwa zamani, huenda kiwanda chenyewe kimefungwa. Mke ameolewa kwingine, au amezoea kuishi bila yeye. Gereza alilofungwa, tofauti na jela ya kaunti, mara nyingi liko mbali na kwao, hivyo hata kazi atakayopewa huwa katika mji wa watu wengine, na siku akifunguliwa ataiacha kazi hiyo hukohuko. Kwa mtu huyu ruhusa ya kazi haiwezi kuwa kamba inayomshikilia asianguke. Lazima iwe daraja, na daraja huhitaji nguzo pande zote mbili.

Serikali ya shirikisho iliifuata njia hiyo kwa sheria ya urekebishaji wa wafungwa ya mwaka 1965, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson. Sheria hiyo iliruhusu mambo matatu: makazi ya mpito ndani ya miji, likizo fupi za kwenda kuona mgonjwa mahututi, kuzika au kutafuta kazi, na kazi ya ujira au mafunzo nje ya gereza. Masharti yake ya kazi yanaonyesha jinsi watungaji walivyoogopa historia ya nchi yao. Mfungwa asilipwe chini ya kiwango cha kazi kama hiyo mahali pale. Asichukue nafasi ya mfanyakazi aliyepo. Asipelekwe katika fani ambayo tayari ina watu wasio na kazi. Vyama vya wafanyakazi vya mahali vishauriwe kwanza. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe majimbo ya Kusini yaliwakodisha wafungwa, wengi wao Wamarekani Weusi, kwa wenye migodi na mashamba, na wengi walifia huko; Alabama ilikuwa ya mwisho kuacha, mwaka 1928. Mfungwa anayekwenda kwa mwajiri binafsi si jambo jipya Marekani. Lililokuwa jipya mwaka 1965 ni kutaka alipwe kama mtu huru.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 majimbo mengi yalikuwa na utaratibu wa aina hii, na watafiti wakaanza kuupima. Mwaka 1977 Gordon Waldo na Theodore Chiricos walichapisha utafiti wa Florida ambao wafungwa wake walichaguliwa kwa kura, baadhi wakapewa ruhusa ya kazi na wengine wakakosa. Hawakuona tofauti kati ya makundi hayo katika kurudia uhalifu. Mwaka 1996 Susan Turner na Joan Petersilia waliandika kuhusu jimbo la Washington: waliofanya uhalifu mpya wakiwa katika ruhusa walikuwa chini ya asilimia 5, lakini utaratibu wenyewe haukuonekana kupunguza kurudia uhalifu baadaye. Kisha mwaka 2015 Grant Duwe, akichunguza wafungwa wa Minnesota, alipata picha yenye sura mbili. Waliopitia ruhusa ya kazi walipata ajira zaidi, walifanya kazi saa nyingi zaidi na walitiwa hatiani mara chache zaidi kwa makosa mapya. Lakini walirudishwa gerezani mara nyingi zaidi kwa kuvunja masharti ya usimamizi.

Matokeo hayo yanaonekana kupingana kwa yule tu anayedhani kwamba kazi ni dawa inayofanya kazi sawa kwa kila mtu. Yakisomwa kwa mwanga wa Wisconsin ya 1913, yanapatana. Palipo na uhusiano wa kweli, ujira huulisha. Pasipokuwa nao, miezi michache ya kuosha vyombo katika mji wa ugenini haiujengi. Matokeo ya Minnesota yana funzo jingine ambalo halijajadiliwa vya kutosha: anayetembea nje chini ya masharti mengi huonwa na macho mengi, na anayeonwa sana hukamatwa kwa makosa ambayo aliye ndani hana nafasi ya kuyafanya, kama vile kuchelewa basi au kunywa bia.

Siasa nazo hazikungoja watafiti. Mfungwa mmoja wa Massachusetts aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa mauaji hakurudi kutoka likizo ya mwisho wa wiki mwaka 1986, na mwaka uliofuata alifanya ukatili mkubwa huko Maryland. Kisa hicho kikawa silaha dhidi ya Gavana Michael Dukakis katika uchaguzi wa rais wa 1988. Ilikuwa likizo, si ruhusa ya kazi, lakini mpiga kura hakutofautisha, na kwa miaka mingi baadaye si rahisi kumpata mwanasiasa aliyetaka jina lake lionekane chini ya karatasi inayomtoa mfungwa nje, hata kama ni kwa saa nane za kufyeka majani.

Alabama imerudi katika habari hii kwa namna ambayo Huber asingeitarajia. Huko idara ya magereza hukata asilimia 40 ya ujira ghafi wa mfungwa mwenye ruhusa ya kazi, kabla ya makato mengine. Mwezi Desemba 2023 kundi la wafungwa na vyama vya wafanyakazi lilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Miongoni mwa madai yao ni kwamba watu wanaoaminiwa kuhudumia wateja katika migahawa siku nzima hunyimwa parole kwa hoja kwamba ni hatari kwa umma. Sheria ya 1913 iliwakata wafungwa ujira ili watoto wao wale. Katika madai haya, swali lililoletwa mbele ya jaji ni nani sasa anayekula, na ni kwa nini mtu anayefaa kushinda kazini hafai kulala kwake.