Meli moja, milango miwili: Pesa ilivyoamua safari ya wahamiaji kwenda Marekani

Kati ya mwaka 1892 na 1954, wahamiaji zaidi ya milioni 12 waliingia Marekani kupitia kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Lakini si kila aliyefika kwa meli alikanyaga kisiwa hicho. Mwenye pesa zake alipita mlango mwingine kabisa.

Nauli ndiyo iliyoamua abiria alale wapi, akaguliwe vipi, na wakati mwingine kama angefika akiwa hai.

Enzi za matanga

Kabla ya meli za mvuke, kuvuka bahari ya Atlantiki kulichukua wiki sita au zaidi, kutegemea upepo. Tajiri alilipia chumba chake. Maskini alishushwa chini ya sitaha, kwenye vitanda vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu, familia zikibanana gizani.

Mwaka 1847 hali ilikuwa mbaya kupita kiasi. Waairishi waliokimbia njaa baada ya viazi kuoza mashambani walipanda meli za bei nafuu kwenda Canada. Nyingi zilikuwa meli za kusafirisha mbao kuja Uingereza, na badala ya kurudi tupu zilibeba watu. Homa inayoenezwa na chawa iliwamaliza. Katika kisiwa cha Grosse Île, Quebec, walizikwa watu zaidi ya 5,000 mwaka huo mmoja. Meli hizo zikapewa jina la "meli za majeneza".

Mvuke wapunguza siku, si tofauti

Meli za mvuke zilifupisha safari hadi wiki moja au mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, tiketi ya daraja la tatu iligharimu takriban dola 30. Kwa mkulima wa Ulaya Mashariki au kusini mwa Italia, hizo hazikuwa pesa ndogo. Wengi walisubiri ndugu aliyetangulia Marekani awatumie tiketi.

Meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilionyesha wazi maana ya daraja. Daraja la kwanza lilikuwa na bwawa la kuogelea. Chini walikuwa abiria zaidi ya 700 wa daraja la tatu, wengi wao wahamiaji, waliotengwa na wengine kwa sababu sheria za uhamiaji za Marekani zilitaka hivyo. Abiria wa daraja la kwanza walionusurika ni takriban asilimia 60. Wa daraja la tatu ni kama robo tu.

Mlango wa pili

Meli ikishafika New York, maofisa waliwakagua abiria wa daraja la kwanza na la pili humo humo melini. Asiyekuwa mgonjwa wala na tatizo la kisheria alishuka na kwenda zake.

Wa daraja la tatu walipakiwa kwenye feri hadi Ellis. Daktari alimtazama kila mmoja kwa sekunde chache, na aliyetiliwa shaka alichorwa herufi ya chaki kwenye nguo: H kwa moyo, E kwa macho.

Kwa nini wao tu? Sheria ya mwaka 1882 ilimzuia mtu aliyeonekana atakuwa mzigo kwa serikali. Aliyemudu tiketi ya bei ghali alihesabiwa kuwa anajiweza. Mwaka 1909 mkuu wa kisiwa, William Williams, aliongeza sharti jingine: mhamiaji awe na dola 25 mkononi.

Waliorudishwa walikuwa takriban asilimia 2. Ni wachache, lakini mtoto mdogo akikataliwa, mzazi mmoja alilazimika kurudi naye huku wengine wakibaki. Ndiyo maana Ellis ilipata jina la pili: Kisiwa cha Machozi.