Ulinzi wa Mtoto katika Jumuiya Zetu: Mwongozo kwa Waamini wa Ngara na Biharamulo

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo humtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu huo haumsubiri Paroko. Unamhusu jirani, katekista na mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Wavulana ndio walionyamaza zaidi, na katika mafundisho yetu huwa tunawasahau.

Kinachowaumiza watoto kwa mara ya pili ni desturi ya kuyamaliza nyumbani. Wazee wa koo mbili hukutana, mbuzi au fedha hutolewa, na mtoto huambiwa asahau. Mapatano ya namna hiyo hayana uwezo wa kufuta kosa la jinai. Ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 si utetezi, na adhabu ya mtu mzima anayepatikana na hatia ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mwanajumuiya anayeitwa kushuhudia mapatano hayo akatae kuketi.

Mtoto akikueleza jambo, msikilize pasipo kumhoji kama hakimu, wala usimwahidi kuificha siri hiyo. Asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Afikishwe kituo cha afya upesi, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72. Kwa vijiji vilivyo mbali na barabara kuu saa hizo si nyingi, hivyo usafiri utafutwe usiku huohuo. Polisi hutoa fomu ya PF3 na wanalo Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 hupigwa bila malipo.

Jambo moja lapasa kueleweka vema. Padre aliyesikia habari katika Kitubio hawezi kuitoa popote, maana muhuri wa sakramenti hauvunjwi. Kwa hiyo mzazi anayetaka Padre achukue hatua amweleze nje ya kiti cha maungamo. Na iwapo anayetuhumiwa ni mhudumu wa Kanisa? Tangu mwaka 2019, kwa hati Vos estis lux mundi ya Papa Fransisko, mapadre na watawa wanawajibika kutoa taarifa kwa Askofu. Hati hiyo haiondoi sheria ya nchi. Kumwarifu Askofu hakuchukui nafasi ya kwenda polisi.

Parokiani, mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na mazoezi ya kwaya ya watoto yamalizike kabla ya jua kuzama. Wawepo walezi wawili, na chumba kiwe wazi. Mlezi anayeona masharti haya yanamshushia heshima apewe huduma nyingine.