Kudarizi Msalaba Bila Fundo: Namna 4 za Kuanza Uzi na Jinsi ya Kuumaliza

Umepokea oda ya vitambaa vya makochi. Umedarizi wiki tatu, maua yametoka vizuri, mteja kaja kuchukua mzigo wake. Kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuza kitambaa aone nyuma. Hapo ndipo bei inapoanza kushuka, maana nyuma kumejaa mafundo kama upele na nyuzi zimekatiza huku na huku.

Sio kwamba mteja ana roho mbaya. Fundo lina shida za kweli, hasa kwenye mshono wa msalaba, ule ambao wengi tunauita krosi stichi. Kitambaa chake, Aida, kina vijimraba na vitundu vilivyo wazi. Fundo dogo linapenya kwenye kitundu, ukivuta uzi kidogo tu linachomoza mbele. Likibaki nyuma, kitambaa hakilali sawasawa, na siku ya pasi kila fundo linajichora mbele kama kipele. Ukikitia kwenye fremu ya kioo ndo kabisa, huwezi kulificha.

Halafu kuna kufua. Mimi hili nilijifunza kwa aibu. Kitambaa changu cha kwanza cha meza nilimpa shangazi, na kila uzi nilikuwa nimeuanza kwa fundo, kama mtu anavyoshona kifungo cha shati. Alikifua mara mbili tu, akanipigia simu: "Mwanangu, waridi lako moja limeanza kunyauka." Mafundo mawili yalikuwa yamefunguka, na majani yote ya upande mmoja yamefumuka.

Kwa hiyo twende kazini.

Uzi kwanza

Uzi wa kudarizi wa dukani, uwe wa DMC au Anchor, una nyuzi 6 nyembamba ndani yake. Haushonwi wote kwa pamoja. Kwenye Aida namba 14, yaani yenye vijimraba 14 kwa kila inchi, kawaida tunatumia nyuzi 2 na sindano butu namba 24. Kwenye Aida namba 11, ambayo vijimraba vyake ni vikubwa zaidi, wengi hutumia nyuzi 3 ili msalaba ujae.

Urefu wa uzi usizidi sana dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, kama sentimita 45 hivi. Najua inaudhi kutunga sindano kila mara. Lakini uzi mrefu unasuguana na kitambaa, unatoa manyoya, unajisokota na mwisho unajifunga fundo wenyewe katikati ya kazi. Mafundo mengi tunayoyalalamikia hatukuyafunga sisi, ni urefu wa uzi uliyafunga.

Chomoa nyuzi moja moja, kisha ziunganishe tena. Ukivuta mbili kwa mpigo zinajiviringa palepale. Na kila baada ya misalaba kadhaa, geuza kitambaa kifudifudi, iachie sindano ining'inie. Utaiona inazunguka yenyewe mpaka uzi utulie.

Kitanzi, njia ninayoipenda kuliko zote

Hii inakupa mwanzo usio na fundo wala mkia. Kata uzi wa wari moja, yaani dhiraa mbili, halafu chomoa uzi mwembamba mmoja tu. Ukunje katikati. Zile ncha mbili ulizokata zipitishe pamoja kwenye tundu la sindano. Upande wa pili sasa una kitanzi, na tayari una nyuzi 2 za kushonea.

Chomoza sindano kutoka nyuma kuja mbele, ila usivute uzi wote. Acha kitanzi kibaki nyuma, kama sentimita 2. Shona mguu wa kwanza wa msalaba, sindano irudi nyuma. Sasa ipitishe ndani ya kile kitanzi, vuta polepole mpaka kibane. Basi. Hapo uzi umeshika na nyuma hakuna kitu cha kuonekana.

Angalizo: inafanya kazi kwa nyuzi 2 au 4, kwa sababu uzi unakunjwa. Ukishona kwa uzi 1 au nyuzi 3 haiwezekani. Vilevile usiitumie kwa uzi wa rangi zinazobadilika njiani, ule unaoanza bluu iliyokoza na kuishia bluu mpauko. Ukiukunja, rangi mbili tofauti zitakutana kwenye sindano moja na mpangilio wote utavurugika.

Mkia unaofunikwa

Kwa nyuzi 3, au kama huna muda wa kukunja, tumia hii. Chomoza sindano mbele, acha nyuma mkia wa upana wa vidole viwili au zaidi kidogo. Ubane kwa kidole cha mkono wa chini, uulaze kuelekea upande unaokwenda kushona. Misalaba minne au mitano ya mwanzo itapita juu yake na kuukamata.

Wanaoanza hukosea hapa kwa kuamini tu kwamba mkia umeshikwa. Ukimaliza msalaba wa tano, geuza uangalie. Mara nyingi mkia umeponyoka pembeni, na utagundua siku ya kufua.

Fundo la muda

Hapa fundo lipo, ila halitakaa. Funga fundo mwishoni mwa uzi, kisha choma sindano kutokea mbele, kama inchi 2 kutoka unapotaka kuanzia. Fundo linabaki juu ya kitambaa, unaliona. Halafu chomoza sindano pale pa kuanzia na ushone kuelekea kwenye fundo. Kama unashona kwenda kulia, fundo liwe kulia, mstari uleule. Kila mshono utaubana ule uzi uliolala nyuma. Ukilikaribia fundo, linyanyue kidogo kwa kucha na ulikate kwa mkasi.

Nawashauri waanzao waanzie hapa. Mkia haukuponyoki, maana fundo linaushikilia mpaka kazi iishe.

Msalaba ulio peke yake

Vipi ile nyota moja angani, au jicho la ndege? Hakuna misalaba jirani ya kuficha uzi. Katikati ya kile kijimraba chenyewe, acha mkia kidogo, shona vishono viwili au vitatu vidogo sana, kimoja kikipasua uzi wa kingine, halafu msalaba uje juu yake uvifunike. Sindano butu inapata tabu kupenya hapo katikati, chukua ya ncha kali kwa vishono hivyo tu. Inahitaji macho na subira, lakini ni bora kuliko kuvuta uzi mweusi kutoka kwenye ua lililo mbali.

Kumaliza uzi

Acha kushona uzi ukibaki kama urefu wa kidole cha kati. Ukisubiri uishe kabisa utalazimika kufunga fundo, na ndiyo tunayoikimbia. Geuza kitambaa, pitisha sindano chini ya mishono minne au mitano, ruka mmoja, urudi nyuma chini ya miwili au mitatu. Ule mrudio ndio unaozuia uzi kuchomoka. Kata karibu na kitambaa, usiache mkia unaoning'inia, maana sindano itaukamata baadaye na kuuleta mbele.

Usivute kwa nguvu. Ukivuta, misalaba ya mbele inajibana na vitundu vinapanuka.

Rangi nayo iangalie. Ficha uzi mwekundu chini ya misalaba myekundu, na mweusi chini ya myeusi. Uzi mweusi ukipita chini ya misalaba myeupe unaonekana kama kivuli, na hakuna sabuni itakayoutoa.

Nyuma isome kama ramani

Ukishona mstari wa miguu ya kwanza yote kwenda kulia, kisha ukarudi kushoto ukifunga misalaba, nyuma utaona vijistari vilivyosimama wima, safi kabisa, kama fito za uzio. Mkia unaoupitisha kwa mlalo chini ya fito hizo unashika vizuri sana. Ukiona nyuma mistari ya mshazari mingi, ujue unaruka ruka bila mpango, na uzi unaliwa bure.

Miguu ya juu ya misalaba yote ilale upande mmoja. Mmoja tu ukigeuka, mwanga unauangukia vingine na jicho linauona kabla ya ua lenyewe.

Je, unaruhusiwa kuruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kukata? Ndiyo, vitundu vitatu au vinne hivi, na iwe chini ya misalaba iliyokwisha kushonwa. Kuruka juu ya sehemu tupu ya kitambaa cheupe, hapana, kata uanze upya. Kwa kitanzi haikuchukui hata dakika.

Kabla ya kumkabidhi mteja

Rangi nyekundu na bluu iliyokoza zijaribu kwanza. Lowesha kitambaa cheupe, ukandamize juu yake. Kikitoka na rangi, fua kwa maji baridi na uendelee kusuuza mpaka maji yawe meupe, usikiache kikalala kimekunjwa kikiwa kibichi. Usikikamue kwa kukisokota. Kiviringishe ndani ya taulo, ukandamize.

Pasi ipite kwa nyuma, kitambaa kikiwa kimelazwa kifudifudi juu ya taulo nene, ili misalaba isibonyezwe ikawa bapa.

Mwisho, kishike kitambaa mbele ya dirisha mwanga upite. Mstari wowote wa rangi iliyokoza unaokatiza sehemu nyeupe utauona hapo hapo, kabla mteja hajauona. Ukate katikati, kila ncha uitunge sindano na kuificha chini ya misalaba ya rangi yake. Ncha ikiwa fupi mno, ingiza kwanza sindano tupu chini ya misalaba, kisha ndo uitunge ile ncha na uvute.