Silaha ya Umeme na Mwili wa Mtu

Siku hizi polisi wa nchi nyingi hubeba silaha isiyotoa risasi. Silaha hiyo hurusha umeme. Mtu aliyepigwa nayo hukakamaa na kuanguka kama gogo, na mara nyingi baada ya muda mfupi aweza kusimama tena. Kuna wanaoisifu kuwa ni silaha ya huruma kwa kuwa haikusudiwi kuua, na kuna wanaoiita chombo cha mateso. Sisi tusiharakishe kuhukumu. Tutazame kwanza jinsi watu walivyokuja kuujua umeme, jinsi unavyotenda kazi mwilini, na jinsi wenye mamlaka walivyoutumia. Historia hiyo yatufundisha jambo moja: maumivu yasiyoacha alama ni kishawishi kikubwa kwa kila mwenye nguvu juu ya mwenzake.

Umeme katika viumbe

Wavuvi wa mto Congo na wa ziwa Tanganyika wamjua samaki mmoja wa jamii ya kambare, mnene, asiye na magamba. Ukimshika akiwa hai, mkono hutetemeka na kufa ganzi. Ni samaki wa umeme. Nguvu yake yaweza kufika volti 350, naye huitumia kuwinda na kujilinda. Wamisri wa kale walimjua pia katika mto Nili, wakamchora kwenye kuta za makaburi yao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Ilipita miaka mingi kabla watu hawajaweza kuutawala umeme kwa mikono yao. Mwaka 1746, katika mji wa Leiden huko Uholanzi, mwalimu Pieter van Musschenbroek aliweza kuufungia umeme ndani ya chupa yenye maji. Alipoigusa alipigwa vibaya hata akadhani amekwisha. Akamwandikia rafiki yake kwamba hangerudia jambo hilo hata kwa kupewa ufalme wa Ufaransa.

Mwaka uleule Jean-Antoine Nollet, mtu wa Kanisa na mtaalamu wa elimu ya maumbile, aliwapanga askari 180 mbele ya mfalme Louis XV, wote wameshikana mikono. Umeme wa chupa ulipopita ndani yao, wote waliruka kwa mara moja. Alifanya hivyo hivyo na watawa Wakartusi wa Paris. Kwa watu wa ikulu jambo hili lilikuwa mchezo. Lakini tuangalie vizuri: askari wale walikuwa hodari, waliozoea kutii amri, na hata hivyo hakuna aliyeweza kujizuia. Umeme haukuomba ruhusa ya nia yao.

Sababu yake ilianza kujulikana baadaye. Mwaka 1791 Luigi Galvani, mganga wa Bologna huko Italia, alitangaza kitabu juu ya majaribio yake: mguu wa chura aliyekufa huruka ukiguswa na umeme. Leo twajua kwamba amri za ubongo hupita katika mishipa ya fahamu kwa nguvu ndogo ya umeme. Ukitaka kuinua mkono, ubongo hutuma amri, na musuli hutii. Basi umeme ukiingia kutoka nje, musuli hupokea amri ya uongo; hukaza, na mwenye mwili hawezi kuukataza.

Kutoka fimbo ya ng'ombe

Wafugaji wa nchi za ng'ombe wengi walitengeneza fimbo ya umeme ya kuswagia mifugo. Haikuchukua muda mrefu kabla fimbo hiyo haijageuzwa kwa watu. Katika miaka ya 1930 polisi wa Buenos Aires, huko Argentina, walianza kuitumia kuwatesa wafungwa ili waseme. Mwaka 1963 polisi wa Alabama, huko Marekani, waliwachoma nayo watu weusi waliokuwa wakidai haki zao kwa amani.

Katika vita vya Aljeria, vya mwaka 1954 hadi 1962, askari Wafaransa walitumia mashine ya simu ya vitani, ile inayozungushwa kwa mkono ili itoe umeme. Nyaya zake walizifunga kwenye mwili wa mfungwa. Kwa nini umeme? Kwa sababu fimbo na moto huacha makovu ambayo hakimu, mganga au mama mzazi aweza kuyaona. Umeme huacha alama chache, na mara nyingine hakuna. Mfungwa akisema, ni neno lake peke yake.

Wapo waliokataa. Monsinyori Léon-Étienne Duval, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyelaumu mateso tangu mwaka 1955, alichukiwa na wengi wa waamini wake mwenyewe. Jenerali Jacques de Bollardière, Mkatoliki na askari mwenye sifa nyingi za vita, aliomba mwaka 1957 aondolewe katika ukuu wake, kwa kuwa dhamiri yake haikukubali njia zile. Alipotangaza wazi mawazo yake, aliadhibiwa kifungo cha siku 60.

Silaha ya leo

Silaha ya leo ilibuniwa na Jack Cover, mtaalamu wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliiita Taser, kwa kukumbuka kitabu cha vijana cha mwaka 1911 juu ya bunduki ya umeme. Nia yake haikuwa mbaya: alitaka polisi wapate njia ya kumzuia mtu wa hatari bila kumwua.

Polisi akifyatua, gesi iliyoshindiliwa hurusha vishale viwili vyenye ncha kama ndoana, kila kimoja na waya wake mwembamba. Vikinasa katika nguo au ngozi, umeme hupita kutoka kimoja hadi kingine kwa njia ya mwili. Vikiwa mbalimbali, musuli nyingi hukaza na mtu huanguka. Vikiwa karibu karibu, au silaha ikigandamizwa mwilini bila vishale, huleta hasa maumivu tu.

Watu hushangaa wakisikia volti 50,000. Tufikiri juu ya maporomoko ya maji: volti ni kama urefu wa mwamba, ampea ni kama wingi wa maji. Volti hizo nyingi ni za kuruka hewa na nguo. Ndani ya mwili hushuka sana. Katika aina ya X26, iliyotoka mwaka 2003, umeme hupiga kama mara 19 kwa sekunde, kwa sekunde 5 kila ikifyatuliwa, na wastani wake ni kama ampea 0.002 tu. Mwamba ni mrefu, lakini maji ni matone. Ndiyo maana walio wengi hupona.

Lakini si wote. Mtu aliyekakamaa hawezi kujikinga kwa mikono. Huangukia kichwa, na wako waliokufa hivyo. Kishale chaweza kupofusha jicho. Cheche yaweza kuwasha petroli iliyomwagika nguoni. Vishale vikinasa kifuani karibu na moyo, mapigo ya moyo yaweza kuvurugika. Mwaka 2009 kampuni yenyewe inayotengeneza silaha hiyo iliwashauri polisi wasilenge kifua. Na hatari huongezeka kila umeme unaporudiwa.

Tarehe 13 Oktoba 2007 Robert Dziekański, Mpolandi aliyekuja kuishi na mama yake Kanada, alifika katika uwanja wa ndege wa Vancouver. Hakujua Kiingereza. Alizunguka humo saa nyingi, amechoka na kuchanganyikiwa. Polisi wanne walifika, na baada ya muda mfupi sana wakampiga kwa silaha hiyo, mara tano kwa jumla. Akafa palepale. Tume ya uchunguzi ilitamka mwaka 2010 kwamba hawakuwa na sababu ya haki ya kuitumia. Pasipo silaha ile, labda wangetafuta mkalimani kwanza.

Yatupasaye

Mwaka 866 Baba Mtakatifu Nikolao I aliwaandikia Wabulgaria kwamba kumtesa mtu ili akiri ni kinyume cha sheria ya Mungu na ya wanadamu. Tukiri pia kwamba karne zilizofuata viongozi wa Kanisa hawakushika sikuzote fundisho hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 yakubali hayo. Mtaguso wa Vatikano II, mwaka 1965, uliyahesabu mateso ya mwili na ya roho kati ya mambo ya aibu yanayomvunjia Muumba heshima.

Basi, kumzuia mwenye panga asiue ni wajibu, na ikiwa umeme waokoa maisha yake na ya wengine, si dhambi. Lakini kumpiga aliyekwisha fungwa, au mlevi asiyefanya fujo, au mfungwa ili aseme, ni mateso, hata kama asubuhi ngozi yake ni safi. Ikiwa wewe msomaji ni polisi, au mwanao ni polisi, usijiulize kama kidonda kitaonekana. Jiulize kama mtu huyo alikuwa bado wa hatari ulipofyatua. Hakimu aweza kukosa alama. Mungu hahitaji alama.