Kuleta, Kuingiza au Kuhamisha Data?

Ofisi nyingi zinazoandaa ripoti kwa kompyuta zina kazi moja inayofanyika karibu kila siku na bado haina jina moja la Kiswahili. Faili ya data iko kwenye seva. Programu ya ripoti iko ofisini. Mtu anaiagiza programu ikachukue ile faili, iisome, iziweke data zake mahali panapostahili, kisha majedwali na grafu zijengeke. Ukiuliza kazi hiyo inaitwaje, mmoja atasema ameingiza data, wa pili amehamisha, wa tatu amepakua, na wengi watakwambia "nimeimpoti". Maneno haya hayalingani maana, na panapopishana ndipo makosa ya kazi yenyewe yanapojificha.

Kupakua ndilo lililokwisha kukomaa. Pakia na pakua ni maneno ya chombo na shehena, na lugha ya kompyuta imeyachukua bila taabu: unapakia faili kwenye seva, unaipakua kwenda kwenye kompyuta yako. Lakini shehena iliyoshushwa gatini haijaingia dukani. Mbele yake kuna forodha, kuna kufungua makasha na kulinganisha kilichomo na kilichoandikwa kwenye hati. Faili iliyopakuliwa nayo ni mrundo wa herufi na tarakimu tu. Programu ya ripoti haijajua bado kwamba safu ya pili ni jina la wilaya, ya tatu ni tarehe, ya nne ni idadi ya wagonjwa. Kuoanisha safu za faili na sehemu za hifadhidata, kukagua kila mstari, kukubali au kukataa, hapo ndipo kilipo kiini cha dhana tunayoitafutia jina. Kupakua ni hatua yake ya mwanzo tu.

Kuingiza kuna shida nyingine: neno lina mwenyewe. Karani wa kuingiza data anajulikana. Nchini Tanzania ndiye anayeketi na vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) vya zahanati, akichapa namba moja baada ya nyingine kwenye fomu ya kompyuta. Kazi yake ni ya macho na vidole, na akikosea, kwa kawaida anakosea mahali pamoja. Programu inayosoma faili kutoka kwenye seva hukosea kwa namna tofauti kabisa: kanuni moja isiyo sahihi huharibu mistari yote elfu kumi kwa sekunde chache, na kila mstari unabaki na sura ya kuaminika. Kazi mbili zenye makosa ya aina mbili zikiitwa kwa jina moja, msimamizi akiambiwa "kosa limetokea wakati wa kuingiza data" hatajua aende kwa karani au kwa fundi wa mfumo.

Kuhamisha ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu limeshakaa kwenye majina yanayoheshimika. FTP, ambayo maelezo yake ya kwanza yaliandikwa na Abhay Bhushan wa MIT mwaka 1971, hufasiriwa "itifaki ya kuhamisha faili". Aliyehama hayupo tena alikokuwa. Ukihamisha kabati kutoka sebuleni, sebule inabaki bila kabati. FTP haifanyi hivyo: amri ya kuchukua faili hutoa nakala na kuiacha asili palepale, na kuifuta kuna amri yake peke yake. Baada ya kazi, data ziko mahali pawili. Seva ikisahihishwa kesho, nakala iliyomo kwenye programu ya ripoti haina habari, na mkurugenzi atasoma namba za jana akidhani ni za leo. Anayedhani data zimehama hana sababu ya kujiuliza kama nakala yake imepitwa na wakati.

Ninapendekeza kuleta. Kwanza, kitenzi hiki kinamtazama anayepokea. Anayesema "leta" yuko pale kitu kinapofikia, na kwa kazi hii msemaji ni programu ya ripoti. Pili, tunaleta habari na tunaleta salamu, na aliyetupa hapungukiwi na kitu; maana ya nakala imo tayari ndani ya matumizi ya kila siku. Tatu, kitenzi kina mwenzake: data zinazotoka kwenye programu kwenda kwingine tunazipeleka, nao wanafunzi watashika leta na peleka kwa urahisi uleule walioshikia pakia na pakua. Tena kinanyumbuka vizuri. Uletaji ni kazi yenyewe, kiletaji ni kile kipande cha programu kinachoifanya, na tunaweza kusema ripoti imeletewa data za Juni kutoka kwenye seva ya wizara, sentensi moja inayotaja aliyepokea, kilichopokewa na kilikotoka.

Seva ambayo data huletwa kutoka kwake huitwa kwa Kiingereza "remote server", na kuitafsiri "seva ya mbali" sina ugomvi nako. Seva inaweza kuwa chumba cha pili na bado ikawa ya mbali, kwa kuwa unaifikia kwa njia ya mtandao tu na ina idhini zake za kuingia. Kiswahili kimeliona hilo zamani: mbali ni umbali, na mbali ni kuwa kando, kama tunaposema "mbali na hayo".

Umbali huu wa pili, wa mambo kuwa kando, ndio unaoleta tabu nyingi. Seva ina desturi zake na ofisi ina zake. Chukua tarehe. Faili imeandikwa 03/04/2024, na kwetu hiyo ni tarehe 3 Aprili. Kiletaji kilichopangwa kwa desturi ya Marekani kitasoma 4 Machi. Kikifika kwenye 25/04/2024 kitakwama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na mstari utakataliwa au tarehe itabaki kama maandishi. Matokeo yake ni ripoti ambayo siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi zimetawanyika mwaka mzima na zilizobaki hazimo.

Saa nazo. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, ulio nyuma ya wetu kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku, tarehe 1 Julai, kwenye seva hiyo amezaliwa tarehe 30 Juni. Kiletaji kisipogeuza muda, anahesabiwa mwezi uliopita, na kwa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako mwaka wa fedha huanza 1 Julai, anahesabiwa mwaka wa fedha uliopita.

Halafu kuna Murang'a. Kaunti hii ya Kenya ina ritifaa katikati ya jina, na kompyuta ina alama zaidi ya moja za kuiandika: ile iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe. Kwa jicho la binadamu ni jina lilelile. Kwa kiletaji ni kaunti mbili, na jumla yake inagawanyika. Faili ikiandikwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 na kusomwa kwa mfumo wa herufi wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda hugeuka kuwa alama tatu zisizosomeka. Lugha inayoandika ng'ombe, ng'ambo na ung'avu haiwezi kulipuuza jambo hili.

Mfano mzito wa uletaji uliokwenda kombo ulitokea Uingereza mwaka 2020. Maabara zilikuwa zikituma matokeo ya vipimo vya COVID-19 kwa faili za CSV, yaani maandishi matupu yenye thamani zilizotenganishwa kwa mkato. Taasisi ya Public Health England ilizileta kwenye majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, XLS, kabla ya kuzipeleka kwenye takwimu za taifa na kwa wafuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa. Muundo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje. Wagonjwa 15,841 wa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuhesabiwa katika takwimu za kila siku. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini wafuatiliaji walichelewa kupata taarifa zao, na watu waliokaa nao karibu wakaendelea na shughuli bila kuambiwa wajitenge. Faili zilikuwa zimefika salama. Mistari ilipotea baada ya hapo.

Ndiyo sababu istilahi hii ikiingizwa kamusini isifafanuliwe kama usafiri wa faili tu. Ufafanuzi utaje ukaguzi. DHIS2, mfumo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 na ambao Tanzania, Uganda na Rwanda pia huutumia kwa ripoti za afya, unaonyesha namna. Kabla ya kuleta data kwa kweli, mtumiaji anaweza kuuamuru ufanye majaribio bila kuhifadhi chochote. Kisha unatoa hesabu: thamani ngapi ni mpya, ngapi zimesasishwa, ngapi zimepuuzwa, ngapi zimefutwa.

Hapo kwenye "zimepuuzwa" ningesahihisha. Kupuuza ni tendo la asiyejali, ilhali kiletaji kizuri kimeutazama mstari na kuukataa kwa sababu. Kiandike "zimekataliwa", na mbele ya kila mstari kiseme kwa nini: tarehe haisomeki, kituo hakijulikani, mstari umerudiwa.